Choroko Zilizogoma Kuchipua

Jumatatu, 4 Machi
Amekubali! Muuguzi wa ghorofa ya juu anakuja kula kwangu Jumamosi! Alisema ngazini kwamba anapenda watu wanaojali afya zao. Nikajikuta namwambia kuwa mimi kila siku hula saladi ya choroko zilizochipua. Akatabasamu. Jamani, tabasamu lile! Kusema kweli, jana nililalia mkate na soda. Lakini kuchipusha choroko kuna ugumu gani? Fundi cherehani wa chini alisikia akacheka puani. Kijicho tu.

Jumatano, 6 Machi
Wenzangu huloweka choroko wakangoja. Mimi nizubae? Nimezimwagia maji yanayotokota ili ziamke upesi, nikazifunga kwenye taulo. Nina kichwa, mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna iliyochipua hata moja. Zimekuwa uji, zinanuka soksi. Nilitaka kulia. Nikapeleka suruali kwa fundi ipunguzwe, na nyuma ya cherehani nikaona chujio limefunikwa kitambaa kibichi. Choroko! Zina vimkia vyeupe, vizuri hivyo! Fundi akatoka kutafuta uzi. Sikulaza damu. Nilizifutika zote ndani ya shati, nikatoka mbio. Suruali nikaisahau.

Jumamosi, 9 Machi
Nyanya, tango, karoti, hoho, ndimu juu yake. Bakuli liling'aa! Muuguzi akala, akasifu, akaongeza. Nikavimba kichwa. Akauliza nilizichipusha vipi. Nikamweleza habari ya maji yanayotokota, hatua kwa hatua. Akaacha kutafuna.

Mara fundi akabisha hodi, uso chini. Alikuja kumwomba radhi muuguzi. Zile choroko ambazo muuguzi alimwachia azinyunyizie maji wakati muuguzi yuko zamu zimeibwa, na mwizi ameacha suruali.

Muuguzi akatazama bakuli, kisha mimi.

"Jirani," akasema, "choroko ukizimwagia maji yanayotokota zinaiva. Hazichipui."

Nilitamani ardhi inimeze. Wala hakugomba. Alimvutia fundi kiti, wakalimaliza bakuli wakicheka mpaka machozi, wakaondoka pamoja. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 10 Machi
Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Ningesema maji baridi! Basi.

Leo mdogo wake muuguzi amehamia kule juu. Mchangamfu huyo! Nimembebea masanduku, akaniambia anawahusudu wanaume wanaojiokea mkate. Nimemwambia mimi huoka kila alfajiri. Anakuja Alhamisi kuonja.

Jioni nimepita kwa fundi kumpa pole. Kumbe ana oveni.