Msamo Asikosoe Filamu ya Mmosi

Gounghin, Ouagadougou
Jumatatu asubuhi

Kwa Bi. Alimata Sanou,
Mwenyekiti, Klabu ya Filamu Fupi

Mama Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi mwanachama wako Rasmané Tapsoba, mtunzi, mwongozaji, mpiga picha na mwigizaji mkuu wa filamu "Spana Namba Kumi", nalalamika rasmi kuhusu kikao cha Jumamosi. Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza Jumapili.

Kama unavyokumbuka, filamu ni ya dakika kumi na nane na inamhusu marehemu baba yangu, fundi pikipiki, aliyetutoka mwaka jana. Dakika kumi na sita za mwanzo namwigiza mimi, kwa ndevu za pamba. Mbili za mwisho ni baba mwenyewe, nilimrekodi kwa simu gerejini kwake, anafuta mikono na kuniuliza swali. Tamasha ninalotaka kuipeleka linapokea filamu mwisho Ijumaa hii. Niliileta klabuni nijue jambo moja tu, kama nimemtendea baba haki. Mpaka sasa sijui, na wa kulaumiwa ni Lassina Toé.

Lassina ni Msamo, mimi ni Mmosi, na utani wa makabila yetu unaujua. Ananiita mtumwa wake mbele za watu, nami namwambia angemuuza mama yake kwa kichwa cha mbwa, maana Wasamo tunawatania kwa kula mbwa, kisha tunakula sahani moja. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Sasa, Mama, mtu wa namna hiyo anakosoaje kazi yangu? Akisema mbaya, ni mbaya kweli au ni utani? Malalamiko yangu ni haya:

1. Kanuni inasema mwenye filamu akae kwenye kigoda, awatazame watazamaji, asifungue mdomo mpaka wote wamalize. Nilitii. Lassina akaanza: "Jamani, pamba ya hospitali nzima iko kidevuni mwa huyu! Wagonjwa wanafungwa na nini?" Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, Mama. Ulijiziba kwa mtandio, lakini mabega niliyaona yakitikisika.

2. Alisema sehemu ninapojaza upepo gurudumu, ya dakika nne, ni ndefu. Maneno yake hasa: "Limejaa, Mmosi! Limejaa tangu juzi!" Sehemu ile ina falsafa. Sauti ya pampu ni pumzi ya baba. Nilieleza hayo kwenye karatasi nilizogawa mlangoni, kurasa tatu, ambazo Célestine Ki alizitumia kujipepea. Célestine naye ni Msamo.

3. Mwishoni jina langu linatokea mara kumi na moja. Lassina alihesabu kwa sauti, na tulipofika la saba ua mzima ulikuwa unahesabu naye. Palipoandikwa "Chakula: Rasmané Tapsoba" walipiga makofi. Lakini nilipika kweli.

4. Hili ndilo zito. Alisimama, akanitazama, akasema: "Mmosi, kata wewe, bakiza mzee." Yaani dakika kumi na sita zitupwe, miezi minane ya kazi, pamoja na ndevu. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba huo ulikuwa utani. Maana kama haukuwa utani, basi mimi nimesimama mbele ya baba yangu na kumziba. Sitaki kuliendeleza hilo.

Ushahidi kwamba mtu huyu hajui kuacha mzaha ninao. Siku ya mazishi alikuja amevaa ovaroli ya baba, akalala langoni, akasema mzee hatoki mpaka arudishe kichwa cha mbwa alichokula peke yake. Akaiga na kikohozi cha baba. Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni kwa siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji. Kwa hilo namshukuru na nitamshukuru daima. Lakini anayetania msibani atashindwaje kutania filamu?

Kwa hiyo naomba Msamo akikosoa filamu ya Mmosi anyooshe mkono wa kushoto anapotania na wa kulia anaposema kweli. Nimefikiri zaidi nikaona Lassina atanyoosha yote miwili. Basi vitambulisho vikaguliwe mlangoni, Wasamo wabaki nje. Lakini jina la ukoo halitoshi, kuna wenye bibi Msamo, kwa hiyo na bibi waulizwe. Wamosi nao watoke, kwa sababu watanisifu ili kabila lisiaibike. Hapo utabaki wewe, Mama, ambaye ni Mbobo na watani wako ni Wafulani, huna upande. Ila uliicheka pamba. Basi na wewe, samahani sana, utoke. Filamu ionyeshwe ua ukiwa mtupu, mimi nikiwa kwenye kigoda. Hapo ndipo nitapata maoni ya haki.

Nisalimie wanachama wote, na fundi cherehani anayetuazima shuka la kuonyeshea. Nisalimie Célestine, anirudishie zile kurasa kama amepata upepo wa kutosha. Hata Lassina, mtumwa wangu, msalimie.

Wako mtiifu,
Rasmané Tapsoba
(na sahihi pia ni ya Rasmané Tapsoba)

Baada ya sahihi: Leo ni Alhamisi na barua bado iko mfukoni mwangu. Jana nilitaka kumthibitishia Lassina kwamba alikuwa anatania. Nikaikata filamu vilevile alivyosema, nikampelekea pale anapochomelea mageti. Alivua miwani yake nyeusi, akashika simu kwa mikono miwili. Baba anafuta mikono kwa kitambaa, anatazama juu, anauliza: "Wewe, umeshakula?" Kwenye rekodi simjibu. Nilikuwa nahangaika na mwanga.

Lassina akajibu. "Bado, mzee," alisema. "Tunakuja."

Kisha akavaa tena ile miwani, na wala hakuwa na geti la kuchomelea.

Filamu nimeituma asubuhi hii. Ni ya dakika mbili, na jina langu limo mara moja. Tafadhali, Mama, chana lalamiko la kwanza hadi la nne, pokea hili moja: Lassina Toé aliitazama filamu yangu mwanzo hadi mwisho na hakunitukana hata neno moja. Jumamosi nitakaa kwenye kigoda mapema. Naomba aanze yeye.