Usaili wa Mke Wangu na Inveta Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Umeme umekatika tena. Na Alhamisi mke wangu ana usaili wa kazi, kwa video! Kazi aliyoililia mwaka mzima. Kaka yake amejitolea kutuletea jenereta lake, lile linalonguruma kama trekta lenye mafua. Nikamwambia shemeji asihangaike, nina mpango. Sikuwa nao. Lakini alivyonitazama yule bwana!

Jumanne, 5 Machi
Mpango umepatikana. Betri ya akiba na inveta, mashine ya kugeuza nguvu ya betri iwe umeme wa nyumbani. Muuzaji akanionya: kompyuta, modemu, taa na simu, basi. Vitu vya kupasha joto, marufuku. Na ikae penye hewa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikiwaza uso wa shemeji. Nimeiweka kabatini katikati ya mablanketi, juu yake kitambaa cha maua. Imependeza! Mke wangu akauliza itapumulia wapi. Swali gani hilo?

Jumatano, 6 Machi
Nilimwita shemeji ashuhudie. Kompyuta, sawa. Modemu, sawa. Taa, sawa. Shemeji akaikagua mara mbili, hakuona kasoro! Kichwa kikanivimba. Nikachomeka pasi, nimnyooshee shemeji shati lake. Inveta ikapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikazima. Halafu harufu. Maua ya kitambaa yamekuwa ya kahawia! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Mke wangu hakucheka. Alichomoa kila kitu, akaacha mashine ipoe, akaihamishia karibu na dirisha, bila kitambaa juu. Umeme uliporudi akachaji betri ikajaa. Kisha akaniambia kwa upole wa kutisha, “Mume wangu, kesho usiguse kitu.”

Alhamisi, 7 Machi
Umeme ulikatika kwenye swali la pili! Nilikuwa nje ya mlango, jasho linanitiririka. Ndani, sauti yake ikaendelea taratibu, anaeleza alivyopanga upya stoo ya dawa. Haikutetereka hata kidogo.

Uani shemeji alikuwa anavuta kamba ya jenereta, eti la dharura. Akavuta. Akavuta. Kimya! Nilimpelekea maji ya kunywa, kwa heshima zote. Raha iliyoje!

Mke wangu akatoka, mikono mdomoni. Amepata kazi! Wamemwambia palepale! Tukakumbatiana, shemeji naye akajipenyeza katikati, macho yamelowa. Akakiri mwenyewe kwamba inveta yangu ni kiboko. Yangu! Alisema yangu!

Jumamosi, 9 Machi
Majirani wanamiminika kuitazama. Nawapokea kama profesa. Mmoja akauliza siri ni nini. Nikajibu, ujasiri. Mke wangu akapaliwa na chai.

Sasa ametoka kwenda kwa dada yake, na umeme hakuna. Nataka akirudi akute keki ya pongezi. Oveni yetu ya umeme ni ndogo tu, inaingia kwapani. Nimeshaichomeka. Inveta inatoa mlio mrefu, mwembamba, usiokatika.

Nadhani inaimba.