Darius, Gari la Kiingereza na Mbio za Swima

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Darius ni glavu za ngozi. Alizivaa kanisani, alizivaa sokoni Baraka, hata bugali, ugali wetu wa muhogo, alikula nazo!

"Dereva wa kweli havui glavu, ndugu," aliniambia.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la mashindano, viti viwili, halina paa, fupi kiasi kwamba mbuzi walilitazama kutoka juu. Lilimzidi umri baba yake Darius!

Darius akaamua kuliongezea nguvu. Akafunga kabureta mbili. Akakwangua kichwa cha injini ili hewa ibanwe zaidi. Akakata bomba la moshi, na kuku wa mtaa mzima wakaacha kutaga! Mwisho akatupa chujio la hewa, pamoja na kapo, ule mfuniko wa injini.

"Na vumbi je?" nikauliza.

"Moteri inataka kupumua! We unalalaka na kitambaa ku pua?"

Nikamshikia spana. Digrii yangu ni ya historia.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Clarisse, mchumba wake. Baba yake, Papa Alphonse, ana boti ya injini ziwani na hapendi majivuno. Alimwambia Darius mbele za watu: "Ukifika Swima mbele ya boti yangu, ndoa iko mwezi huu. Ukishindwa, utangoya mwaka muzima!"

"Papa, utanikuta nimekaa, nakunywa chai!"

Jumamosi tukaondoka Baraka, boti ziwani, sisi kwa barabara ya ufukoni, mimi kando yake kama shahidi. Yesu wangu! Gari lilinguruma kama radi iliyofungiwa ndani ya debe. Tulipopita Lusenda, boti ilikuwa nyuma yetu, ndogo kama kipande cha sabuni.

Karibu na Nundu, akina mama walikuwa wameanika unga wa muhogo kwenye mikeka kando ya barabara, kama kawaida. Darius akainua mkono ili awapungie glavu. Gari likapanda mkeka wa Mama Anastasie!

Wingu jeupe likatufunika. Kabureta mbili, midomo wazi, zikavuta unga kwa pupa ya wageni wa harusi. Injini ikakohoa, ikazima.

"Tulia! Nasafisha tu."

Akamimina maji ndani ya kabureta, injini ikiwa ya moto, kisha akawasha. Ikakoroga. Ikatokota!

Mama Anastasie akachungulia, mkono kiunoni. "Darius, bugali yako imeiva. Mboga iko wapi?"

Boti ikapita karibu na ufuko. Clarisse akasimama ndani yake: "Darius! Chai yako inapoa!"

Hapo, kwa mara ya kwanza, nilimwona Darius akivua glavu. Akaanza kuchota bugali kwa vidole.

Clarisse amembembeleza baba yake, na Papa Alphonse, ambaye bado anacheka, amekubali mbio zirudiwe Jumamosi hii. Kabureta zimeoshwa. Chujio halijarudi: moteri, anasema Darius, bado inataka kupumua.

Sote tunangoja kwa hamu. Mama Anastasie ametandika mkeka wake pale pale, na safari hii anakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, wawe mboga.