Unga wa Maradhi Manne

Sufyan aliiona riziki yake Idi mosi, pale Kibokoni, baada ya adhuhuri. Wazee walikuwa wamekula biriani, wakaongeza pilau, wakafunga kwa tambi, na sasa wamejimwaga barazani wanapumua kama mabata. Kila mmoja analia lake: huyu sukari, yule presha, wa tatu mafuta kwenye damu. Kitambi kilikuwa cha wote.

"Hayo si maradhi manne," Sufyan alisema, tayari ameshajikaribisha kahawa. "Ni ndugu wa tumbo moja. Hospitali wanamtibu mmoja mmoja, ndiyo maana hawaishi. Mimi nna mti unaowatoa wote kwa mlango mmoja."

Mtu huyu juzi yake alikuwa kivukoni Feri akiuza vifuniko vya simu. Hakuna aliyeuliza. Alasiri alirudi na koti jeupe, na katika mji huu koti jeupe haliulizwi lilisoma wapi. Mkononi ana utepe wa fundi cherehani na mashine ndogo ya kupimia sukari.

Wala hakuuza kitu. Mtu wa Mji wa Kale ukimwambia nunua, atabishania bei mpaka ulie. Ukimwambia amechaguliwa, atakuja amevaa kanzu mpya.

"Kuuza ni kazi ya wachuuzi," Sufyan alisema. "Mimi nafanya utafiti."

Akachagua watu kumi na wawili, akawapima viuno, akawatoboa vidole. Sukari ilikuwa juu, na itakosaje, biriani yenyewe haijafika nusu ya njia! Kila mmoja akapewa kopo la unga wa kijani: kijiko daku, kijiko futari. "Na vidonge vya hospitali viwekeni kando, visinichafulie utafiti. Tutapimana tena mwisho wa sita."

Asiyejua ajue: Idi ikipita, watu wa hapa hufunga siku sita za sunna. Kwa hivyo Sufyan aliwapima mara ya kwanza wameshiba mpaka pomoni, na mara ya pili atawapima magharibi haijaingia, matumbo matupu tangu alfajiri. Hata ungewapa vumbi la chaki, sukari ingeshuka. Nao unga wenyewe ulikuwa muhogo uliosagwa pamoja na majani ya mlonge uliojiotea nyuma ya nyumba za Buxton.

Yote hayo yalikuwa chambo cha samaki mmoja: Bwana Jamaldin, muuza uturi, mwenye duka tupu barabara ya Ndia Kuu, mlango unatazama wageni. Sufyan alilitaka duka lile. Jamaldin alitaka nusu ya faida ya dawa. Tamaa mbili zikapeana mkono. Sukari ikishuka, ufunguo utatoka.

Sukari ikashuka. Viuno vikapungua vidole viwili. Wazee wakakumbatiana kama mahujaji. Jamaldin akatangaza kuwa kesho alasiri, nyumbani kwa Bi Mwanakuu mwenye sebule kubwa, atamkabidhi daktari ufunguo.

Jioni hiyo hiyo Mejumaa, jirani wa Bi Mwanakuu na mmoja wa wale kumi na wawili, alianguka jikoni. Presha. Vidonge vyake vilikuwa kabatini, havijaguswa siku sita.

"Meza, mwanangu," Bi Mwanakuu alimsihi.

"Simezi. Nisimharibie daktari utafiti wake."

"Ukifa si ndiyo utauharibu zaidi?"

Mejumaa akafunga mdomo kama chaza. Bi Mwanakuu hakubishana. Alimuuguza mumewe sukari miaka kumi na mmoja, akajifunza mambo ambayo koti halifundishi.

Kesho yake, saumu imekwisha, sebule ilijaa. Mejumaa alilazwa kwenye kochi. Bi Mwanakuu alileta halua nyeusi, bado ina uvuguvugu, akamsogezea mgeni sinia.

"Kula, daktari. Halua hailiwi kwa kijiko hapa kwetu."

Sufyan alimega, akamega tena, akalamba vidole vyote. Jamaldin akatoa ufunguo.

"Ngoja kwanza, Bwana Jamaldin," alisema Bi Mwanakuu. "Imamu huswali pamoja na watu wake. Mtafiti naye apimwe, tuone dawa ilivyomfaa."

"Hewallah!" wakaitikia wazee.

Sufyan akacheka. Mashine si yake? Akajitoboa kidole, akaitia damu kwenye mashine. Ishirini na tisa.

"Imeharibika hii."

"Jana mbona ilikuwa nzima?" Jamaldin aliuliza, ufunguo ukirudi nyuma kidogo.

Akatoboa kidole cha pili. Ishirini na saba.

"Masikini," Bi Mwanakuu alisema. "Marehemu wangu alifika ishirini na mbili tu, na sanda tulishaikata."

"Nipelekeni hospitali!"

"Hospitali wendea nini, mwanangu? Dawa si hii hapa? Haya, vijiko viwili."

"Dawa gani, mama! Huo ni muhogo! Muhogo na mlonge wa Buxton! Mimi nafa, wewe wanipa muhogo!"

Sufyan hakungoja, alikuwa ameshatoka mbio, mashine ameiacha, viatu ameviacha, akipigia kelele kila tuktuk.

"Mimi nilimshuku tangu mwanzo," alisema Jamaldin, akitia ufunguo mfukoni.

Hospitali, muuguzi aitwaye Everlyne aliutazama ule mkono unaong'aa.

"Kanawe kwanza."

Akanawa. Tano nukta mbili.

"Huna ugonjwa," Everlyne alisema. "Sukari ilikuwa kidoleni. Ndiyo maana watu hunawa kabla ya kupimwa. Hata mtoto ajua."

Wakati huo, Kibokoni, Bi Mwanakuu alikuwa amesimama juu ya Mejumaa na bilauri ya maji. Kidonge kimeingia.

"Umemeza?"

"Nimemeza, bibi."

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Mji huu leo simwamini mtu."