Waya wa Kinanda cha Mavuno

Jumatatu, 14 Julai

Nestory, mpiga kinanda wetu, amejigonga kidole kwa nyundo akitengeneza banda la kuku. Mkono wa kushoto. Bandeji kubwa kama andazi. Nimempa pole kwa dhati. Kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikacheka kidogo. Mungu anisamehe.

Jumapili ni Misa ya Mavuno. Mwalimu Odeta, anayefundisha kwaya yetu, akauliza nani mwingine anaweza kupiga kinanda. Nikanyoosha mkono. Hata mimi nilishangaa kuuona uko juu.

Sijui kupiga kinanda. Lakini miaka yote mimi ndiye ninayekibeba. Nakitoa kabatini, nakifuta vumbi, nachomeka umeme, nakirudisha. Nestory anatoka kwake Busisi, anakaa, anasifiwa. Mimi, Josephat, nasifiwa mabega. Nataka kukalia kile kiti mara moja tu, misa nzima, watu wakiniona.

Mpango ninao! Kinanda kina tundu la waya kwa nyuma. Modesta, mke wangu, ana kishikwambi cha kuonyeshea wateja mitindo ya magauni. Nyimbo zetu zote zimo kwenye grupu la kwaya, zile za kujifunzia sauti. Kishikwambi kitaamuru, kinanda kitatii. Mimi nitatembeza vidole juu ya vitufe bila kubonyeza. Nani atajua?

Jumanne, 15 Julai

Nimeomba kinanda nilale nacho kwa ajili ya mazoezi. Mwalimu alikubali, akasema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama wangu. Nikajisikia vibaya mpaka nilipofika nyumbani.

Nimekipandisha begani mlima wa kwetu Mabatini, mawe yote yale. Sikupumzika hata kunywa maji. Nikaanza na bluetooth, maana bila waya hakuna ushahidi. Nikabonyeza. Kinanda kimya. Nikabonyeza tena. Kimya, ila wimbo wa matoleo nausikia kwa mbali, mzito, mtamu kweli. Ulikuwa unatoka kwa jirani yetu Salum kinyozi! Modesta alishawahi kuunganisha kishikwambi na spika ya Salum siku ya kipaimara cha mtoto, nacho hakijamsahau. Salum alikuja mwenyewe mlangoni. Alisema kwa upole kwamba wimbo hauna ubaya, ila kuna mzee ameuliza kama saluni imehamia parokiani.

Bluetooth basi. Tunahamia kwenye waya.

Jumatano, 16 Julai

Nimeenda sokoni Makoroboi kutafuta waya. Wa kwanza haukuingia kwenye kishikwambi. Muuzaji akasema panatakiwa kichwa kidogo cha kuunganishia. Nikachukua. Kumbe kile ni cha kuchajia tu. Nikarudi. Akanipa kingine, akaniuliza ninaunganisha nini hasa. Nikamjibu ni siri ya Kanisa.

Jioni kinanda kikalia chenyewe! Nilikaa chini sakafuni. Sauti nne, besi zimo, hata ule urembo wa Nestory pale mwisho wa ubeti. Ubeti wa pili kikanyamaza. Kishikwambi kilikuwa kimezima kioo, kimelala zake. Modesta akauliza kwa nini nisijifunze tu kupiga. Nikamweleza kwamba muda hautoshi. Akaniambia nimekuwa kwenye kwaya tangu kabla hatujaoana. Wanawake hawaelewi ufundi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekizuia kishikwambi kulala. Sasa kinaisha chaji, kwa sababu tundu la chaji ndilo hilohilo la waya. Dawa yake: kijazwe usiku kucha, na kabla ya misa Modesta asikiguse. Amesema wateja wake waangalie mitindo ukutani, basi? Nimemwomba avumilie kwa ajili ya Mungu.

Nestory alifika mazoezini. Zamani kivuko cha Kigongo kingeweza kumchelewesha mtu kidogo. Sasa daraja limefunguliwa, anakuja tu anapojisikia! Alijitolea kukaa pembeni yangu Jumapili, anisaidie kwa mkono ule mzima. Nikamjibu kiti ni chembamba.

Jumamosi, 19 Julai

Mazoezi ya mwisho. Kila kitu kikaenda vizuri hadi Shimba wa besi alipoanza kukanyaga mdundo. Shimba ana kilo za kutosha. Jukwaa likatikisika, waya ukachomoka, kinanda kikakata katikati ya neno. Nikageuka nikawaambia nimenyamaza makusudi ili wajisikie wenyewe. Mwalimu alipenda sana wazo hilo. Nestory alitazama vidole vyangu kwa muda mrefu mno.

Waya kulegea mwisho leo. Nimenunua supa gluu. Kishikwambi nimekijaza chaji kwanza, nikakizima mpaka kesho, ndipo nikagundisha waya kwenye kinanda, nikagundisha na kwenye kishikwambi. Swichi ya kinanda nimeifunika kwa solotepu, tabaka juu ya tabaka, mtu asije akaizima kwa bahati mbaya. Nimevuta kwa nguvu zangu zote. Hautoki. Huo ndio uhakika niliokuwa nautafuta wiki nzima. Modesta bado hajui habari ya gundi.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Wimbo wa mwanzo, safi. Utukufu, safi kabisa. Kishikwambi kimelala chini ya kitambaa, waya haujatikisika. Niliyumba kama Nestory anavyoyumba. Nilifumba macho. Kina mama wa benchi la mbele walinong'onezana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kanisani.

Yakaja matoleo. Kila mtu anajua kwamba wimbo wa matoleo ya mavuno unarudiwa mpaka mtu wa mwisho afike altareni. Kila mtu, isipokuwa kishikwambi. Jumuiya ya kwanza ilileta mahindi na mpunga. Ya pili viazi, kuku na sato. Ya tatu ilileta mbuzi, naye akagoma katikati ya kanisa. Hapo beti zikaisha. Baada ya kila wimbo nilikuwa nasimamisha kwa kidole chini ya kitambaa, lakini safari hii nilikuwa namtazama mbuzi. Kishikwambi kikasonga kwenye wimbo unaofuata kwenye orodha. Na orodha inafuata alfabeti, haifuati misa.

Wimbo wa kuaga!

Nusu ya kwaya ikafuata kinanda, nusu ikabaki na mbuzi. Wazee wa nyuma wakachukua kofia zao wakaanza kutoka. Paroko amesimama na kuku mkononi. Nikagusa kioo, lakini vidole vilijaa jasho, kikanikataa. Nikavuta waya. Kinanda kizima kikanifuata. Swichi sikuifikia, solotepu yote ile. Kwa woga nikainua mikono yangu yote miwili juu.

Kinanda kikaendelea.

Kanisa zima likaona. Mama Dorotea wa benchi la mbele alipiga magoti. Watoto walishangilia. Nestory akatoka kwenye benchi, akaenda ukutani, akachomoa umeme. Hakunitazama. Akachukua ngoma, akaipiga kwa mkono wake mzima, akaurudisha wimbo wa matoleo, na kwaya yote ikamfuata mpaka mbuzi akafika altareni. Waliimba vizuri kuliko siku zote. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kiti. Sikujua pa kwenda.

Jumatatu, 21 Julai

Fundi amekata waya. Tundu la kishikwambi limeziba kabisa. Modesta ananisemesha kupitia watoto.

Mchana Mwalimu Odeta alikuja nyumbani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika, akakaa. Nikajiandaa kufukuzwa. Akasema, "Josephat, mbona hukuniambia kuwa unataka kukaa pale? Ningekufundisha tangu zamani. Hata leo nitakufundisha."

Machozi yalinilenga. Naandika ukweli. Akaongeza kwamba Nestory naye yuko tayari kunionyesha mkono wa kushoto, bandeji ikitoka. Nikamsindikiza hadi chini barabarani, nikamshukuru tena na tena. Nimelia kidogo wakati wa kurudi.

Somo la kwanza ni Alhamisi. Mwalimu amenitendea wema mkubwa, na mimi sitaki kumchosha kwa kujifunza polepole. Nataka ashangae jinsi ninavyoelewa haraka. Shemeji yangu Rebeka ana kishikwambi kipya. Nimemwambia nakihitaji kwa ajili ya masomo, amekubali mara moja. Orodha ya nyimbo safari hii nitaipanga mwenyewe.