Bourse ya Raphaël na Viti vya Victorine

Alhamisi, tarehe 1 Agosti 1957, Kasongo
Barua imefika! Raphaël wangu amekubaliwa universite ya Elisabethville. Wa kwanza mutaa muzima! Nimeisoma mara nne, ingawa Kifaransa changu kiliishia darasa la tatu kwa masista. Nimepita nayo sokoni, mukononi, bila kununua kitu.
Taabu moja: masomo yanalipwa. Baba yake, Antoine, ni seremala, iko Kabambare anatengeneza madirisha ya shule. Mushahara wake hautoshi hata treni. Padri wa koleji ametuombea bourse, yaani serikali imulipie mutoto kila kitu. Bila bourse, Raphaël ataenda kupima pamba kwenye ghala la kampuni. Mutoto mwenye Kilatini!

Jumapili, tarehe 4
Baada ya misa, Ismaël, karani wa Territoire, ile ofisi ya serikali, amenishika pembeni. Jumanne muzungu atakuja kuangalia hali ya nyumba yetu kwa ajili ya bourse. Alitaka kunieleza zaidi. Nikamukatiza. Kama sijui muzungu anaangalia nini nyumbani kwa mutu! Mwaka jana walikuja kwa jirani yangu Victorine, bwana yake alipoomba karte ya mérite, ile ya watu waliostaarabika. Walihesabu fursheti, zile uma za kulia. Walifunua mashuka. Walichungulia mpaka choo. Karte ikatoka, na tangu siku ile Victorine anatembea kama amemeza ubao.
Mimi nina kitanda, meza, vigoda viwili. Fursheti, hata moja. Ee Mungu!

Jumatatu, tarehe 5
Nimekwenda kuazima kwa Victorine. Kwa Victorine! Viti vinne, kitambaa cha meza, fursheti sita, saa ya ukutani. Ameniuliza kama ninajua fursheti inashikwa kwa mukono gani. Nikajibu kwamba hilo tulifundishwa kabla yeye hajavaa viatu. Amekubali, kwa sharti moja: kiti kimoja atakikalia mwenyewe, avilinde vingine.
Bata wangu wawili hawajui ya kesho.

Jumanne, tarehe 6
Ushindi! Muzungu mwenyewe ni kijana, jasho limemulowesha. Wali, bata, ndizi za kukaanga. Aliitazama saa, akaandika. Alishika kitambaa, akaandika. Kila alipoandika niliongeza maneno. Aliuliza kama tunapata nyama. Nikamuambia mbwa wa mutaa wote wamenenepa kwa mifupa yetu. Aliuliza kama wazazi wangeweza kumulipia mutoto wenyewe. Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikasema hata watatu kwa mara moja.
Ismaël alinikanyaga muguu. Meza ni ndogo, masikini, miguu yake mirefu. Victorine alikohoa mpaka nikamuletea maji.

Jumamosi, tarehe 10
Nimekwisha. Ismaël amekuja kunisomea karatasi: familia inajiweza vizuri, haina haja ya musaada. Kumbe bourse ni ya wasiojiweza! Fursheti ni za karte, si za bourse! Nimemuuliza mbona hakuniambia. Amesema, Mama Raphaël, nilikukanyaga mara tatu.
Nikaenda kwa Victorine nikiwaka moto. Alikuwa anapangusa viti vyake. Amenijibu taratibu kwamba alidhani ninajua ninachofanya, maana Mama Raphaël anajua yote.
Raphaël hakunilaumu. Ameuliza tu ghala la pamba linafunguliwa saa ngapi. Afadhali angenipigia kelele. Nimemutumia Antoine habari kwa dereva wa lori. Sijui atakuja na nini mukononi.

Jumatano, tarehe 14
Antoine amefika kwa kinga, akikanyaga pedali tangu Kabambare, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuoga, hakula. Moja kwa moja Territoire, na shati lake la gundi. Amesema yote: mushahara, watoto sita, viti vya jirani. Amesema pia muke wake ana mudomo. Mbele ya muzungu!
Wakamurudisha na Ismaël kutazama nyumba upya. Mara moja tu nikafungua mudomo, nikasema kile kigoda cha kushoto ni cha mbao ya bei. Antoine akaniangalia. Nikatoka nje kuchambua majani ya sombe.

Ijumaa, tarehe 23
Imetoka! Masomo, chakula, treni, yote! Raphaël ameniinua juu kama mutoto muchanga. Tumelia. Antoine akaenda kupigilia misumari mahali pasipotaka musumari.
Lakini majina wameyabandika kwenye ubao wa Territoire, pale watu wote wanapolipia kodi: Raphaël, mutoto wa wazazi wasiojiweza. Victorine amekwenda kusoma mara mbili. Kisha amekuja kunipa pole. Pole! Mimi!
Kuna karatasi ya muzazi kutia sahihi, irudi ofisini leo. Nimetia, jina limekaa vizuri sana. Chini palibaki nafasi nyeupe, ni vibaya kuipoteza. Nimemuandikia Bwana Administrateur, mukubwa wa Territoire, mistari michache: kwamba bourse tunaipokea kwa kumuheshimu yeye, si kwa shida, maana kulipa tungeweza, na kwa hiyo lile neno "wasiojiweza" alifute ubaoni. Antoine na Raphaël wamekwenda kuaga wajomba. Sikuwangoja. Ninaipeleka mwenyewe sasa hivi, kabla ofisi haijafungwa.