Ule Mwanamuke wa Chypre

Bandugu, leo nimejipatisha haya mbele ya paroisse muzima. Acha niwaambie mimi mwenyewe, mbele bengine baongezee chumvi.

Munamujua bwana yangu Kambale, mwalimu wa historia. Juzi masasi ya vita ilifunga barabara, akakwama kule Beni. Nililia, nilifunga chakula, nilisali. Akarudi salama. Mais akarudi na tabia ya kuongea peke yake!

Asubuhi nilikuwa natwanga majani ya sombe nyuma ya nyumba. Namusikia mu chumba:

«Hapana mutu alimuita. Alijileta mwenyewe, alifuata chakula. Akazoea, akaingia nyumbani.»

Muchi ikabakia juu, mukononi.

«Akasafiri na bacommerçants. Kwenye magunia inafika, na yeye anafika.»

Magunia ya biashara yote inapitia Kasindi, ku mupaka! Mwanamuke wa Kasindi, wa ku douane kabisa!

«Na kule Chypre balilazwa pembeni-pembeni, yeye na ule mwanaume.»

Chypre! (Nilizani ni hoteli ya Beni. Musiniulize.) Na «ule mwanaume» ni nani, kama haiko Kambale mwenyewe? Donc mimi nafunga chakula, yeye analala Chypre!

Akavaa shati ya ndoa yetu. Akajipaka mafuta. «Niko naenda ku salle ya paroisse, kuna conférence ya bijana.»

Conférence, na mafuta? Nikamufuata vile nilikuwa, kitambaa ya jikoni ku kiuno, muchi mukononi.

Nikasukuma mulango. Salle imejaa! Bijana, bamama ba chorale, na padiri mbele kabisa.

«Kambale! Ule mwanamuke wa Chypre iko wapi? Asimame nimuone!»



Kambale akaonyesha ku ukuta. Picha kubwa ya kaburi ya zamani sana, ya kule Chypre, kumbe ni kisiwa ya mbali: mifupa ya mutu, na pembeni yake mifupa ingine, kidogo-kidogo.

«Mama Masika,» akasema polepole, «ni paka. Niko naeleza namna paka ilianza kuishi na batu.»

Eh Nyamuhanga, Mungu wangu! Padiri akakohoa. «Mama, uko na swali ingine?»

Ningenyamaza. Mutu wa akili angenyamaza. Mimi nikauliza: «Ni dume ao jike?»

Bijana banaanguka ku biti! Mama mumoja wa chorale akatoka inje, alishindwa kupumua. Kambale mwenyewe akajifunika uso na karatasi zake.

Njiani akaniambia: kule Beni masasi ilikuwa inamukosesha usingizi, alikuwa na kitabu moja tu ndani ya sakoshi, ya mambo ya paka, akaisoma kwa sauti usiku juu asisikie masasi, na nyumbani akaendelea. Nikaona machozi inanikaribia. Nikamushika mukono.

Sasa tumekaa ku mulango, na paka ya jirani imekuja kujilaza ku magoti yake.

Musicheke. Nimeifukuza.